Hiyo Zambarau Si Filta

Wasee, wacha nianze na kukiri. Ile vidio ya kipepeo pale daraja la mto Athi, ile mlishea mpaka ikapita watu elfu arobaini, niliipandisha rangi. Nilivuta kile kistari cha zambarau kwenye programu ya kuhariri mpaka karibu kifike mwisho. Kipepeo akawaka kama matatu ya Rongai usiku. Mkapenda, mimi nikanyamaza.

Kisha mmoja wenu akaandika, "Weka bila filta tuone." Haki yake. Nikarudi kwa vidio mbichi, nikatoa picha mbili zilizopishana sekunde mbili tu. Kwa ya kwanza kipepeo ni mweusi mwenye madoa meupe, hakuna zambarau hata ya dawa. Kwa ya pili ni yule yule, amegeuza mabawa kidogo, na kila doa jeupe limezungukwa na zambarau kama mtu amelichora kwa wino. Niliziweka hivyo hivyo bila kugusa kitu. Hapo ndipo vita vikaanza. "Mwongo." "Hao ni vipepeo wawili." "Hata kuhariri hujui." Nilipodanganya mlinipigia makofi, niliposema ukweli mkanirushia mawe. Sawa tu, nilijitakia.

Leo naeleza. Ni ndefu, kwa hivyo kama uko kwa bando ya lisaa limoja, soma haraka.

Kwa kisayansi huyo kipepeo anaitwa Hypolimnas misippus. Mvua za Oktoba mpaka Disemba zikishika vizuri Ukambani, utamwona kila mahali, kuanzia Kibwezi hadi Mutomo. Dume hupenda kukaa chini, kwenye mchanga au jiwe lenye joto, na hapo amejitwalia shamba: kila kipepeo anayepita anafukuzwa. Jike sasa, huwezi amini ni wa familia moja. Yeye ni rangi ya machungwa, ncha za mabawa nyeusi, na ukanda mweupe. Sura hiyo ameiiga kwa kipepeo mwingine, Danaus chrysippus, ambaye ana sumu kwa sababu kiwavi wake hula mimea ya utomvu mweupe. Ndege akishamla Danaus akatapika, hagusi tena chochote kinachofanana naye, na huyu jike asiye na sumu yoyote anapita salama. Ukitaka kuwatofautisha angalia bawa la nyuma. Danaus ana vidoa vyeusi vitatu au vinne. Jike wa misippus ana kimoja tu kwenye ukingo wa mbele. Pale Nzambani, Kitui, wazee husema ukizunguka lile jiwe mara saba unabadilika, mwanamume anakuwa mwanamke na mwanamke mwanamume. Mimi nikiwaona hawa wawili nafikiri mmoja ametoka kuzunguka.

Hiyo tofauti ya dume na jike iweke kichwani, tutaihitaji.

Sasa, wengi wenu hamjui kwamba mimi ni mtoto wa fundi wa rangi. Mzee wangu amepaka nyumba tangu kabla sijazaliwa. Kibwezi, Makindu, Emali, Wote, ukipita na gari kuna kuta zake. Ukimwonyesha ukuta anakuambia umepigwa koti ngapi na kama fundi aliiba kwa kuongeza maji. Kwake rangi ni kitu. Ina uzito, ina bei, ina kifuniko, ikimwagika inabaki kwa viatu. Na hiyo rangi ndiyo ilinipeleka chuo. Nilikuwa nasomea ualimu, fizikia na hesabu, huko Nairobi. Semesta ya kwanza ilikuwa ukumbi wa kanisa. Ya pili ilikuwa nyumba ya mwalimu mkuu mmoja mstaafu, ndani na nje. Ya tatu ilikuwa godauni moja kule Makindu. Ya nne haikufika. Niliacha chuo mwaka wa pili, na mzee nikamwambia baada ya miezi minne. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Basi kesho uje na msasa," na tangu siku hiyo kazi ikiwa nyingi mimi ndiye namkwaruzia kuta.

Kijana mmoja wa hapo kazini alimwonyesha ile vidio. Jioni akanikuta nimekaa nje nasoma matusi yenu.

"Hiyo rangi umetoa wapi?" (Nyumbani tunaongea Kikamba, nawatafsiria.)

"Ya kwanza niliongeza na simu, baba. Lakini ya pili ni yake."

"Yake vipi, na upande mmoja haipo?"

"Haipo kwa sababu si rangi ya kupakwa. Hakuna zambarau yoyote kwa hilo bawa."

Aliniangalia vile anaangalia mtu anayemwambia ukuta mbichi unaweza kupigwa glosi. "Kitu kikiwa na rangi," akasema, "kimepakwa. Kama si na mtu ni na Mungu. Leta hiyo kitu."

Nilikuwa nao. Kabla mnitukane tena, sikuua. Ukisimama kwa stage ya Ikutha na Probox imetoka Kibwezi kwa ile barabara ya lami, angalia grili. Wakati wa mvua utapata vipepeo wamekwama hapo kama wameanikwa. Nilikuwa nimebandua madume mawili na jike mmoja nikienda kumwona susu Mutomo, nikawaweka kwa kisanduku cha kiberiti. Susu, kwa taarifa yenu, alikataa kisanduku kisiingie jikoni. Anaamini ule unga wa mabawa ukiingia machoni unapofua. Haupofui. Ni vigamba, vidogo sana, karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, vimepangwa juu ya bawa kama vigae vya paa. Kila kimoja kina rangi yake, na picha yote unayoiona ni maelfu ya hivyo vigae.

Mzee akafuta kifuniko cha mkebe, akaliweka bawa la dume juu yake, nikawasha tochi ya simu. Akainamisha kifuniko. Nyeusi. Akainamisha tena. Zambarau. Akarudisha. Nyeusi. Alifanya hivyo labda mara kumi bila kusema neno. Halafu akafanya kile fundi yeyote angefanya: akasugua kwa kidole kuona kama inatoka.

Kilichotoka ni unga mweusi. Akausaga kati ya kidole gumba na cha shahada, akasogeza karibu na tochi. Mweusi. Ukisaga kipande cha rangi ya ukuta unapata unga wa rangi ile ile, si ndiyo? Zambarau yetu ilikuwa imepotea kwa kusagwa.

"Umeiharibu," nikasema.

"Sijaiharibu. Haikuwepo." Alisema hivyo kama amenishinda, kisha akanyamaza, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu.

Akaingia ndani akatoka na chupa ya thina, ile anayeyushia glosi, na njiti ya kiberiti. Thina ndiyo hakimu wake wa mwisho. Akadondosha tone moja kwenye bawa la pili. Wasee, natamani ningekuwa nimerekodi, lakini simu ndiyo ilikuwa tochi. Zambarau ilizima. Haikuyeyuka ikatiririka kama rangi inavyofanya, ilizima tu, kama stima imepotea. Na si hiyo tu: hata madoa meupe yalizama, yakawa kama ile karatasi ya mandazi ikishalowa mafuta, unaona kitu kilicho nyuma yake. Kwa kifuniko, kando ya bawa, thina ilikuwa safi kabisa. Hakuna rangi iliyotoka.

"Sasa tungoje," nikasema.

Thina inakauka haraka. Kwanza weupe ukarudi, ukianzia pembeni. Halafu mzee akainamisha kifuniko, na zambarau ikawaka mahali pale pale ilipokuwa.

"Leta ile nyingine," akasema. "Ile ya machungwa."

Hapo nilimvulia kofia. Mimi sikuwa nimefikiria kufanya hivyo, na ndilo jambo linalogeuza mchezo kuwa jaribio. Tone la thina juu ya bawa la jike: rangi ya machungwa ikakolea kidogo vile ukuta unakolea ukinyeshewa, lakini ikabaki machungwa. Geuza upande wowote, machungwa. Ile ni rangi ya kweli, kemikali iliyo ndani ya kigamba inayomeza sehemu ya mwanga na kuacha iliyobaki. Jike amepakwa. Dume amejengwa.

Nilidhani mzee amevumbua kitu kwa hiyo thina, kumbe mtu alimtangulia kwa zaidi ya miaka 350. Mwingereza Robert Hooke, kwenye kitabu chake cha hadubini cha mwaka 1665, aliandika kwamba aliulowesha unyoya wa tausi kwa maji na zile rangi zake za kung'aa zikaharibika. Hakuwa na vifaa vya kuona sababu, lakini alishuku kwamba kinachofanya kazi pale ni umbo, si rangi.

Sababu yenyewe ni hii. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa mawimbi. Zambarau ni mafupi, karibu nanomita 400, na nyekundu ni marefu, karibu 700. Nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni. Unywele wako ni kama nanomita elfu themanini kwa unene, basi piga hesabu tunaongea juu ya kitu kidogo namna gani. Juu ya kigamba cha hawa wa zambarau kuna matuta, na matuta yana tabaka nyembamba za kitini, ile ile kitu ya ganda la mende, zilizoachana kwa hewa. Mwanga ukifika tabaka la kwanza, sehemu inarudi. Sehemu nyingine inapita, inagonga tabaka linalofuata, inarudi ikiwa imechelewa kidogo. Mawimbi yanayorudi yanakutana. Ni kama kusukuma Probox iliyozama mchangani: wote mkisukuma kwa pamoja inatoka, lakini mmoja akisukuma mbele na mwingine nyuma inabaki hapo hapo na nyinyi mmechoka. Tabaka zikiwa na kipimo cha zambarau, mawimbi ya zambarau yanasukumana pamoja yakatoka kwa nguvu, mengine yanauana. Ukiinamisha bawa, njia ya mwanga inabadilika urefu, mpangilio unavunjika, zambarau inaondoka.

Thina nayo ilijaza zile nafasi za hewa. Thina na kitini vinapitisha mwanga karibu sawa, kwa hivyo mwanga haukuona tena mpaka wowote wa kugonga na kurudi. Ulipita moja kwa moja ukaingia kwenye weusi. Ule weusi ndio rangi ya kweli ndani ya bawa la dume, na una kazi: unameza mwanga wote uliopotea njia ili zambarau isichafuliwe. Nilipomweleza hilo mzee alifurahi kuliko mambo yote ya mawimbi. "Kwa hivyo nyeusi ni anda koti," akasema. Ndiyo, baba. Nyeusi ni anda koti.

Hii mambo ya mawimbi nilitakiwa kuijua tangu mwaka wa kwanza. Lilikuwa somo la saa mbili asubuhi. Nilikuwa nalala.

Nyinyi mnaosema sijawaonyesha ushahidi, mnao mfukoni. Toa noti yoyote ya hizi zilizotolewa 2019, angalia ule uzi wa usalama, uinamishe polepole. Rangi inabadilika. Au subiri mvua inyeshe uende petroli steshoni ya Emali, angalia dimbwi lenye mafuta ya gari: utando wa mafuta hauna rangi hizo zote, wembamba wake ndio unazitoa. Povu la sabuni la mwaitu akifua, vile vile. Susu yangu naye ametundika sidii za nyimbo za injili kwenye shamba la mtama ili kufukuza ndege, na zikizunguka zinatupa upinde wa mvua mpaka kwa jirani. Hapo si utando, ni mistari iliyochorwa kwa sidii, imepishana mikromita 1.6, lakini ni ukoo mmoja. Ndege wenyewe wanaofukuzwa hawana haki ya kushangaa, maana yule kwezi mwenye mgongo wa buluu na tumbo la kahawia, anayeokota chapati kwa hoteli za Mtito Andei, buluu yake ni ya kujengwa pia.

Mzee swali lake lilikuwa la kibiashara. "Kama hii kitu haitoki kwa thina na haina rangi ya kufifia, kwa nini hawaiuzi kwa mkebe?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyopata kwa komenti. Jua la Ukambani linakula buluu ya ukuta mbele ya macho yako, na yeye amepaka upya maduka mengi kwa sababu hiyo. Rangi ya kujengwa haipauki hivyo, kwa sababu hakuna kemikali ya rangi ya kuvunjwa na jua. Umbo likibaki, rangi inabaki. Kule Messel, Ujerumani, wanachimbua mbawakavu waliokufa miaka kama milioni 47 iliyopita na bado wanang'aa. Nikamwambia kwamba kwa kiasi fulani inauzwa: ile rangi ya gari wanayoita ya lulu, inayogeuka ukizunguka gari, ina vipande vya ulanga vilivyofunikwa utando mwembamba wa oksidi ya titani. Bei yake anaijua. Akaguna.

Na kuna mwingine ambaye angempendeza, ila sikuwa naye kwa kiberiti. Watu wa Makueni mnaofuga michungwa mnawajua wale viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege kwenye miche. Wengi wao watakuwa Papilio demodocus, mweusi na manjano, na ile manjano ni ya kupakwa. Lakini ana ndugu anayekula majani ya ukoo huo huo wa mchungwa, Papilio nireus, mweusi mwenye ukanda wa buluu-kijani, anayependa kingo za misitu. Mwaka 2005 Pete Vukusic na Ian Hooper wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walieleza kwenye jarida la Science vile vigamba vyake vimeundwa. Kigamba kina vishimo vilivyopangwa vinavyobeba kemikali inayomeza mwanga na kuutoa tena ukiwa buluu-kijani, na chini yake kuna tabaka kama kioo linalorudisha juu mwanga uliokuwa unapotelea chini. Muundo huo unafanana sana na ule ambao mainjinia walikuwa wameusumbukia miaka michache tu kabla, ili zile taa ndogo za LED zitoe mwanga mwingi zaidi. Kipepeo anayetafunia watu miche amekuwa nao muda wote.

Halafu kuna Edith Smith. Huyu ni mfugaji wa vipepeo huko Florida, Marekani. Alikuwa na Junonia wa huko kwao, wa kahawia, ndugu wa wale Junonia wetu wenye duara la buluu kwenye bawa la nyuma wanaokaa katikati ya njia wakati wa jua kali. Akaona baadhi wana vigamba vichache vya buluu, akaanza kuchagua hao na kuwapandisha wao kwa wao. Vizazi kama kumi na viwili baadaye alikuwa na vipepeo wa buluu. Rachel Thayer, Nipam Patel na wenzao wakachukua vigamba hivyo wakavipima, na mwaka 2020 wakachapisha walichokuta: hakukuwa na rangi mpya. Utando wa chini wa kigamba ulikuwa umeongezeka unene kwa zaidi ya nusu, basi. Ule mwembamba hutoa rangi ya dhahabu, mnene kidogo hutoa buluu.

Najua mnangoja niseme, "Mnaona? Shule si lazima." Sisemi. Aliyefuga hakuhitaji digrii, lakini aliyejua ni unene alihitaji hadubini ya elektroni na miaka ya kusoma, na simu yangu haioni nanomita. Hawa majamaa wa "niliacha chuo nikatajirika" wananiudhi. Mimi niliacha chuo nikawa nasugua msasa.

Ndiyo tufike pale sikutaka kufika.

Mzee aliendelea kuinamisha kile kifuniko huku nikiongea. Kuna mtafiti wa Australia, Darrell Kemp, alionyesha mwaka 2007 kwamba kwa ndugu wa huyu kipepeo wetu, Hypolimnas bolina, majike huchagua madume ambao mng'ao wao haujapunguzwa. Vipepeo pia wanaona mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuoni, kwa hivyo anachokiona jike ni zaidi ya hiki cha tochi. Nilikuwa namweleza hilo, nimechangamka, najiona mwalimu kweli, aliponikatiza.

"Na hiyo simu, inaona hiyo zambarau vizuri bila kuongezewa?"

"Inaona, baba. Kamera yake ni nzuri."

"Ni simu ya pesa nyingi."

"Ndiyo."

"Uliinunua na nini?"

Angeuliza miezi sita iliyopita ningesema ni pesa za vidio. Vidio zangu wakati huo hazikuwa zimelipa hata soda. Thina ilikuwa imekauka, bawa liko pale, limerudi vile lilivyokuwa. Nikamwambia. Ile karo ya semesta ya tatu, nililipa nusu. Nusu nyingine ndiyo hii simu. Godauni ya Makindu ndiyo hii imemulika mikono yako.

Hakuinua macho. Mwaitu alikuwa mlangoni, sijui alisikia wapi mpaka wapi.

"Ile godauni," mzee akasema baada ya muda, "nilipiga koti mbili na anda koti. Siku kumi na moja. Upande wa juu nilikuwa nafungwa kamba." Akainamisha kifuniko mara moja tena, ikawaka, akakiweka chini. "Zima hiyo tochi, unamaliza chaji."

Akaingia kulala. Mimi nilibaki nje na mbu.

Asubuhi alikuwa ameondoka, ana kazi ya shule moja huko Wote. Nilipotaka kurudisha mabawa kwa kiberiti, la jike lilikuwepo na la dume halikuwepo. Saa nne hivi WhatsApp ikalia. Mzee hatumi picha, hutuma tu sauti fupi fupi za "leta brashi ya inchi nne." Hii ilikuwa picha: ukingo wa dirisha, bawa, jeusi na madoa meupe. Chini ameandika, "Imekataa."

Nikamjibu, "Simama jua liwe nyuma yako, halafu inamisha bawa pole pole."

Tiki mbili, kimya. Nikajua amepanda ngazi.

Saa saba kasoro ikaja nyingine. Kidole gumba kimejaa glosi nyeupe mpaka kwa kucha, kimeshika bawa pembeni kwa adabu, na zambarau imezunguka madoa yote. Nyuma yake kuna vichwa viwili vya mafundi vimeinama kuangalia. Nimeiomba ruhusa, amekubali, ila amesema nikate vichwa vya watu. Vichwa nimekata. Kingine chochote sijagusa. Ndiyo hiyo hapo chini.